Deni kwa Rafiki

Jioni moja ya Juni 2024 tulikuwa tumekaa katika somo la Biblia hapa Kasingirima, na ziwa lilikuwa limefungwa. Kwa msomaji asiyekaa Kigoma tueleze: mwaka ule, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki na dagaa wapate kuzaana. Miezi mitatu. Mvuvi anayekula leo alichovua jana usiku hana akiba ya miezi mitatu. Mama anayeanika dagaa hana, na kijana anayebeba mizigo mwaloni hana. Kwa hiyo watu walikopa.

Wengi wetu tulikopa kwa mtu tunayemfahamu, mfanyabiashara wa dagaa. Hatutamtaja wala hatumlaumu. Ni jirani, anakuja misibani, anachangia harusi. Hatozi riba hata senti moja. Anachotaka ni kwamba ziwa likifunguliwa, dagaa wako wote waende kwake, kwa bei atakayoitaja yeye. Jioni ile mama mmoja, muuza dagaa, alisema jambo ambalo lilitukaa moyoni: "Mchungaji, deni la benki lina tarehe ya mwisho. Hili la rafiki yetu halina."

Somo lenyewe lilikuwa Wafalme wa Pili, sura ya 16, habari za mfalme Ahazi wa Yuda. Nchi yake ilikuwa ndogo, na majirani wawili, Shamu na Israeli, walikuwa wamemzingira Yerusalemu. Nabii Isaya alimwendea na kumwambia atulie, asiogope. Ahazi hakutulia. Alituma wajumbe kwa mfalme wa Ashuru, taifa kubwa kuliko yote ya siku zile, akajiita mtumishi wake na mwanawe, akatoa fedha na dhahabu ya nyumba ya Bwana ziwe zawadi. Rafiki mkubwa alikuja kweli, akaipiga Dameski. Lakini Ahazi alipokwenda kumshukuru huko Dameski aliona madhabahu, akatuma mfano wake kwa kuhani Uria, na kabla hajarudi nyumbani madhabahu kama ile ilikuwa imekwisha kujengwa Yerusalemu, ile ya Bwana ikasogezwa pembeni. Tuliisoma mara mbili sehemu hiyo. Hakuna mstari unaosema mfalme wa Ashuru aliagiza madhabahu ijengwe. Ahazi mwenyewe alitaka kufanana na aliyemsaidia.

Ndipo kijana mmoja wa kwaya akauliza: na taifa letu je? Swali lile halikujibiwa usiku ule. Sisi tulioandika haya tuko wanne, wawili walimu wastaafu, mmoja alifanya kazi Reli ya Kati, mmoja ni mzee wa kanisa, na tuliombwa na usharika tuliandikie jibu.

Tuanze na miaka ambayo taifa lilikuwa changa. Mwaka 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Ujerumani wakati ule ilikuwa mbili. Ile ya Mashariki ilikuwa na ubalozi Zanzibar tangu baada ya Mapinduzi, na ile ya Magharibi ilikuwa ikitusaidia Bara, pamoja na kufundisha jeshi letu changa la anga na la majini. Ujerumani Magharibi ilikuwa na sheria yake: anayeitambua ndugu yake wa Mashariki si rafiki yetu. Serikali yetu ikatafuta njia ya katikati, kwamba Mashariki ibaki na konseli tu mjini Dar es Salaam, bila ubalozi. Haikutosha. Februari 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akajibu kwa namna ambayo mkopaji huwa hajibu: aliwaambia waondoe na misaada mingine ya serikali yao iliyobaki.

Mwaka huohuo, tarehe 11 Novemba, walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa wachache, na Uingereza haikuwazuia. Nchi za Afrika zilikuwa zimekubaliana kuvunja uhusiano na Uingereza kama haitachukua hatua. Nyingi zilinyamaza. Tanzania ilivunja, Desemba 1965, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekwisha kukubaliwa ukazuiwa London. Kwa nchi yenye umri wa miaka minne zilikuwa fedha nyingi. Kwa hiyo Azimio la Arusha lilipotoka Februari 1967 na kuonya kwamba nchi inayotegemea zawadi na mikopo ya nje haiwezi kulinda uhuru wake, waandishi wake hawakuwa wanakisia. Walikuwa wameonja.

Lakini nchi ilihitaji reli. Zambia ilikuwa na shaba, na njia zake za kwenda baharini zilipita mikononi mwa walowezi wa kusini na Wareno. Nyerere na Kaunda walitaka reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilomita 1,860. Waliomba Benki ya Dunia, na jibu lilikuwa kwamba reli hiyo haitalipa. Serikali za Magharibi nazo hazikutaka. Aliyekubali alikuwa China, nchi ambayo yenyewe ilikuwa imetoka katika njaa kuu ya miaka ya 1959 hadi 1961, na ambayo watu wake wakati ule walikuwa wakiishi kimaskini kama sisi. Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Beijing Septemba 1967. Mwaka 1970 ukakamilishwa: mkopo wa yuan milioni 988, bila riba, kulipwa kwa miaka 30, mzigo ukigawanywa kati ya Tanzania na Zambia. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Mwaka 1975 treni zilikuwa zinapita. Wachina zaidi ya 60 walifia katika kazi ile, na makaburi yao yapo upande wa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Reli ile haikufika Kigoma. Lakini deni lilitufikia, na namna lilivyofika inastahili kuelezwa, maana watu wengi hawaijui. Fedha za Kichina hazikuweza kumlipa kibarua wa Mlimba mshahara wa shilingi. Njia iliyopatikana ilikuwa kwamba China ituuzie bidhaa kwa mkopo, bidhaa ziuzwe madukani kwa shilingi, na shilingi hizo zilipe mishahara na gharama za hapa nchini. Ndiyo sababu wazee wetu wanakumbuka miaka ambayo duka likifunguliwa, kilichopo ni cha Kichina. Ulipenda usipende, ndicho kilichopo. Mama wa Ujiji aliyenunua sahani alikuwa anaweka kokoto katika reli ambayo mpaka leo hajaiona. Mzee wetu wa reli anasema hilo halimuudhi. Anachouliza ni kwa nini hakuna aliyemwambia mama yule.

Je, China ilikuwa mfalme wa Ashuru? Tulibishana sana hapa, tena kwa sauti, na hatukumaliza. Mmoja wetu alisema mkopo usio na riba, wataalamu wanaokaa kambini na kula chakula cha kawaida, na tarehe za kulipa zinazosogezwa mbele mkopaji akishindwa, huo ni urafiki kuliko biashara. Kweli. Lakini rafiki naye alipata alichokihitaji. Tarehe 25 Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa ulipiga kura kumpa China wa Beijing kiti chake, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizosimamia hoja hiyo. Balozi wetu kijana, Salim Ahmed Salim, alishangilia ukumbini bila kujificha. Miaka kumi baadaye, mwaka 1981, Salim alipogombea ukatibu mkuu wa umoja huo, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu, na China kwa upande wake ikamzuia mpinzani wake, Kurt Waldheim, mara 16 mfululizo. Hakuna aliyekipata cheo kati ya wawili hao. Kwa hiyo deni kwa rafiki huenda pande mbili, na wakati mwingine anayelipa ni mtu mmoja, kwa kazi aliyoistahili.

Hata hivyo tunaona tofauti moja na Ahazi. Serikali yetu iliomba kitu kimoja kinachopimika, ikasema hapana kwa wengine waliotaka kutuchagulia marafiki, na kwa China pia haikuacha kuzungumza na watu wengine. Makanisa yaliendelea kufunguliwa kila Jumapili huku treni za Kichina zikijengwa. Beijing ya wakati ule, ya Mapinduzi ya Utamaduni, ilikuwa imefunga ya kwake. Mfano wa madhabahu haukuletwa.

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu, ambayo wazee hawapendi tuiandike.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, tukapigana mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979, na vita ile inakadiriwa kututoka dola milioni 500 hivi. Mafuta yakapanda bei mwaka huohuo. Hazina ikawa tupu. Ndipo serikali ilipokwenda kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, na shirika likataka mambo: shilingi ishushwe thamani, matumizi ya serikali yapunguzwe, udhibiti wa bei uondolewe. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona hatuna njia nyingine. Nyerere alikataa. Mtei akajiuzulu mwishoni mwa 1979, na siku ya mwaka mpya wa 1980 Nyerere aliwauliza mabalozi waliokusanyika mbele yake ni lini shirika hilo liligeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima.

Tulipokuwa vijana tuliipenda hotuba ile. Tunaipenda hata sasa. Lakini hotuba haikuleta sabuni. Kwa karibu miaka sita iliyofuata sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na nguo vilikuwa vya foleni, vya kadi, vya kujuana na mtu. Hapa Kigoma tulikuwa na ziwa na mpaka, na kila mtu mzima anajua kilichofanyika: watu walivuka kwenda Burundi na Zaire, wakarudi usiku na sabuni chini ya vyandarua na nyavu. Mwaka 1983 ulipokuja msako wa wahujumu uchumi, walikamatwa walanguzi wakubwa, na walikamatwa pia watu wenye sabuni sita. Mmoja wa kina mama waliotulea katika imani alikuwa na kitenge kimoja cha ibada, alikifua kwa majivu ya migomba, akakianika, akakivaa. Alikuwa akiomba kwa ajili ya Rais kila Jumapili. Kusema hapana kulikuwa na heshima yake, na mtu wa kwanza kulipia heshima ile alikuwa yeye.

Nyerere aliondoka madarakani Novemba 1985. Agosti 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, tulikubaliana na shirika lile. Mwanzoni mwa mwaka ule dola moja ilikuwa shilingi 17 hivi. Kufikia mwisho wa 1990 ilikuwa imepita 190. Sabuni ilirudi madukani, hilo hatuwezi kulikana, na watu walishukuru. Kisha vikaja vitu vingine. Ada ya shule ya msingi ilirudi, mwishoni ikawa shilingi 2,000 kwa mwaka, na juu yake michango isiyohesabika. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji hospitalini. Walimu wawili kati yetu walikuwa wakiita majina asubuhi katika miaka ile, na wanakumbuka majina yaliyokuwa yanajibiwa na watoto wengine: "Hayupo, mwalimu, hana ada." Safari hii aliyelipa alikuwa mtoto.

Hapo ndipo Kanisa linapoingia katika historia hii, tena kwa kuchelewa. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inaamuru kwamba kila mwaka wa 50 baragumu ipigwe, kila mtu airudie milki yake na aliyejiuza kwa umaskini awe huru. Sura hiyo tulikuwa tukiihubiri kama mfano wa wokovu wa roho, na ni haki. Katika miaka ya 1990 Wakristo wa nchi nyingi waliisoma upya kama ilivyoandikwa, wakidai madeni ya nchi maskini yafutwe kufikia mwaka 2000. Papa Yohane Paulo wa Pili aliligusa jambo hilo mwaka 1994. Askofu mkuu Desmond Tutu alilisema kila alikoalikwa. Mei 1998, viongozi wa mataifa makubwa walipokutana Birmingham, Uingereza, watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuuzunguka mji. Wengi wao walikuwa waumini wa kawaida, wenye watoto wao, waliokwenda kwa mabasi ya sharika zao.

Novemba 2001 Tanzania ilifika hatua ya kusamehewa, na nafuu iliyotangazwa ilikuwa kama dola bilioni 3 kwa miaka iliyofuata. Masharti yalikuwepo, hakuna aliyesahau kuandika masharti. Lakini ada ya shule ya msingi ilikuwa imefutwa, na Januari 2002 milango ilipofunguliwa walikuja watoto wa miaka saba, wa kumi, na wa kumi na tatu, wote wakitaka darasa la kwanza. Mmoja wetu alikuwa na watoto zaidi ya 100 katika chumba kimoja. Walikaa chini. Kijana wa kwaya aliyeuliza swali lake mwezi ule wa Juni ana dada mkubwa aliyekuwa kati yao, na ndiye aliyemfundisha kusoma.

Tungependa kuishia hapo, lakini nchi iliendelea kukopa. Septemba 2024 marais wa Tanzania na Zambia walikuwa tena Beijing, wakishuhudia pamoja na Rais Xi Jinping makubaliano ya kuifufua TAZARA, reli ileile iliyochakaa. Na safari hii jambo limefika kwetu. Desemba 2022 ulitiwa saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, kwa zaidi ya dola bilioni 2, na wajenzi ni kampuni za China. Tunaitaka reli hiyo. Mzee wetu aliyefanya kazi katika reli iliyofika hapa mwaka 1914, wakati wa Wajerumani, anaitaka kuliko sisi wote. Dagaa wa Kigoma watafika Dar es Salaam bila kusubiri, na mzigo wa Burundi na Kongo utapita kwetu.

Lakini tumeona tofauti kati ya mkopo wa 1970 na ya leo. Ule ulikuwa bila riba, na wakubwa wawili waliokopa walikuwa wanajulikana kwa majina na walisimama mbele ya watu kuusema. Ya leo inatoka kwenye benki nyingi, yenye riba nyingi tofauti, na muumini wa Kasingirima hawezi kusema anamdaiwa nani. Nehemia, sura ya tano, watu walipolia kwamba wameweka rehani mashamba na watoto wao, alikusanya kusanyiko kubwa na kuwakemea waliokopesha mbele ya wote. Tumeuomba usharika uliweke hilo katika maombi ya kila mwezi: kwamba wanaotia saini kwa niaba yetu wawe na ujasiri wa kusoma masharti kwa sauti. Baadhi ya washarika walisema hiyo ni siasa. Mchungaji aliwaambia wasome tena Nehemia.

Tarehe 15 Agosti ziwa lilifunguliwa. Usiku ule taa zilikuwa nyingi majini, hatukuwa tumeziona kwa miezi mitatu, na watoto walitoka nje kuzihesabu. Asubuhi rafiki yetu alikuwa mwaloni na mabeseni yake, akisalimia kila mtu kwa jina, akitaja bei. Familia mbili za usharika wetu zilikuwa zimeomba kikundi chetu cha kuweka na kukopa kiwasaidie kumaliza deni lake, ili wauze wanakotaka. Fedha za kisanduku zilitosha familia moja. Yule mama aliyesema deni la rafiki halina tarehe ya mwisho ni wa familia ya pili, na mpaka tunapoandika haya dagaa wake bado wanapimwa katika beseni la yule bwana. Kisanduku tunakifungua tena Januari.